Nilivyouza Kitunga cha Mama Apolline

Kabla hujanicheka, ujue kwamba mimi ni mfanyabiashara. Nauza mapazia Kigoma mjini, na wateja wangu wanajua kwamba kwa Restituta bei ikishatajwa imetajwa. Sijawahi kuuza kitu kwa bahati mbaya. Kwa hiyo yaliyonipata Uvira sisimulii ili kukuchekesha. Nasimulia kwa sababu mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka, na sijui vizuri nimkasirikie nani. Nikianza na mume wangu nadhani sitakosea.

Mume wangu anaitwa Aimé, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, na tangu tuoane nimelishwa masoko ya Uvira asubuhi na jioni. Nikikaanga dagaa, anasema ningeonja ndagala wa kwao. Nikinunua kikapu, anakigeuzageuza na kuguna, eti huku hatujui kusuka. Mawese, vyungu, mikeka, vigoda, vyote vya kwao ndivyo vitu, vya kwetu ni mazoea tu. Basi tulipopanga hatimaye kwenda kumsalimia mama yake, ambaye nilikuwa namjua kwa simu peke yake, nikamwambia: safari hii nitayaona hayo masoko kwa macho yangu, na nitarudi na kigoda cha kuchonga. Aimé akaapa kwamba atanitembeza soko zima, kibanda kwa kibanda.

Tukafika jioni kwa njia ya Bujumbura. Kulipokucha, mtembezaji wangu hayupo. Ametoka alfajiri kwenda kuwasalimia rafiki zake, na simu kaiacha dirishani inachaji. Nikabaki na mama yake.

Mama Apolline alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyesema sana. Aliishi vyumba viwili vya kupanga kule Kilibula, kwa sababu ziwa lilipopanda lilichukua nyumba aliyomzalia Aimé. Aimé aliwahi kuniambia kwamba wakati ule watu walipogawiwa maturubai na maharage, mama yake hakwenda kupanga mstari. Majirani wakamletea unga, akaurudisha. Hapokei kitu cha mtu. Na mimi usiku tuliofika nilimpa vitenge nilivyomchagulia kwa moyo wote, akavishika, akaviweka juu ya kiti bila kuvikunjua, akaniuliza kama nimeshiba. Sikulala vizuri. Mimi maneno ya watu hayanitishi, lakini mwanamke yule alinitisha. Nilitaka anikubali, na nilikasirika kwamba nalitaka jambo hilo kiasi kile.

Basi asubuhi nimekaa na kikombe changu cha chai, hata nusu sijafika, akatoka chumbani na kikapu.

"Restituta, kamata hii kitunga," akasema. "Uende kuuza ku soko. Bamama ba kule banangojea kukuona."

Nikakipokea. Kilikuwa kikapu cha zamani cha mfuniko, kimesukwa kwa ukindu mweusi na mwekundu ambao sasa ulifanana na rangi ya matofali, na mshikio umefungwa upya kwa uzi wa nyavu. Nikafunua, ndani tupu. Pesa hakunipa.

"Niuze?" nikauliza.

"Ee. Uuze muzuri. Usikubali bakuibie."

"Kwa bei gani, mama?"

"Bei ya ku soko. Weye iko mutu ya biashara, Aimé aliniambia. Utajua."

"Na nikishauza?"

"Urudi, tutapika."

Sasa niambie wewe unayesoma, ungeelewa nini? Mimi nilielewa kama Mtanzania yeyote mwenye akili zake angeelewa. Nikanywa chai iliyobaki kwa mkupuo, nikajifunga kitenge, nikatoka. Lakini moyoni nilikuwa natokota. Mgeni wa usiku mmoja! Mke wa mwanao! Kwetu mkamwana akifika hata ufagio hashikishwi siku ya kwanza, na mimi natumwa kwenda kuchuuza kikapu chakavu ili tupate mboga. Kama shida ipo si aseme, Aimé si ana mkono? Halafu, nikiwa nateremka ule mtaa wa mawe, nikaanza kumwelewa kwa namna yangu. Mama huyu haombi. Hata kwa mwanawe haombi. Ana kikapu, anakiuza, basi. Na kwa kuwa ameambiwa mimi ni mtu wa biashara, ananipima. Nikasema moyoni: sawa, mama. Utanijua.

Soko lenyewe lilinikera kwa kuwa Aimé alikuwa amesema kweli. Ndagala walikuwa wamemwagwa juu ya mikeka wakimeremeta, wengine wabichi, wengine wamekauka wakalia mkononi ukiwashika. Wanawake walitwanga sombe, yaani kisamvu, papo hapo, michi ikipishana, na harufu ya majani yale mabichi ikachanganyika na ya mawese yaliyokuwa yakipimwa kwa chupa. Upande wa vyungu palikuwa na chungu kimoja cha tumbo pana, nilitamani kukaa chini nikikumbatie. Vigoda navyo vipo, vya miguu mitatu, vimechongwa kwa mti mmoja bila msumari. Ningeweza kushinda pale mpaka jioni nikigusagusa vitu. Lakini nina kikapu cha mtu mkononi, kazi kwanza.

Sijafika hata katikati, watu wameshanijua. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akipanga samaki wa mikeke juu ya majani ya mgomba, ambaye wenzake walimwita Ushindi, alikiona kile kikapu kabla hajaniona mimi.

"Eeee! Kitunga ya Mama Apolline! Basi weye ndiye muke ya Aimé?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

Wakacheka kwa kusikia shikamoo, wakanizunguka, wakanishika mikono, mmoja akanipangusa vumbi begani bila kuulizwa. Nikafurahi, sitaki kusema uongo. Nikaona kweli nimefika ukweni.

"Sasa unauza nini, mama?" Ushindi akaniuliza.

"Nauza kikapu," nikasema, nikakiinua.

"Bitunga!" akapaza sauti kuelekea nyuma ya vibanda. "Bamama, muke ya Aimé anauza bitunga!"

Nikashukuru kwa kunitangazia. Lo! Sijui walitokea wapi. Wanawake wakanijia na vikapu vya kila aina: vya mfuniko, vya mshikio, vyembamba vya harusi, vipana vya kupepetea, wakavibandika mikononi mwangu, begani, kimoja kikavalishwa kichwani kabisa.

"Hapana," nikasema, "mimi ndiye ninayeuza!"

"Ndiyo, mama, uza! Hii iko muzuri, hii iko nguvu!"

"Nauza hiki! Hiki changu!"

"Hiyo uko nayo tayari! Uza ingine!"

Nimefanya biashara miaka mingi na nimeona mengi, lakini soko ambalo muuzaji anapiga kelele kwamba anauza, na wote wanamwambia ndiyo uza, huku wanamwuzia wao, hilo sikuwahi kuliona. Nikadhani ni ujanja wao wa kumchanganya mgeni. Nikavirudisha vikapu vyote kimoja kimoja kwa wenyewe, na cha kichwani nikakivua kwa hasira. Nikaweka kikapu cha Mama Apolline chini katikati, nikanyoosha kiganja.

"Pesa hapa," nikasema. "Kikapu chukua. Mmenielewa sasa?"

Wakaelewa, maana kelele zilikatika papo hapo. Wakatazamana. Yule aliyenipangusa vumbi akarudi nyuma akajifanya ana kazi na mkeka wake. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyesogea, mtu mzima aliyekuwa amekaa nyuma ya vikapu vyake akisuka kingine. Aliitwa Nyandwi, mkulima wa Kiringye kule bondeni, aliyekuwa analeta vikapu mjini baada ya mavuno. Nilimtambua Mrundi kwa matamshi, kwa kuwa mimi ni Muha wa Kasulu na lugha zetu ni za ukoo mmoja.

"Hii kitunga unaiuzisha?" akauliza polepole.

"Nauza, nauzisha, iite upendavyo."

"Mama Apolline anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Alikutuma nini?"

"Kuuza!"

"Alikutuma kuuza, na weye unauzisha?"

"Ndiyo!" nikasema, kwa kuwa nilishachoka na watu wanaoniuliza jambo lile lile kwa sarufi mbovu. "Unataka au hutaki?"

Akataka. Akataja bei, nikaikataa. Akapandisha, nikaikataa tena, nikamwonyesha mshono wa mfuniko, nikamwambia kazi kama hii siku hizi haipatikani. Hakubishana. Alilipa nilichosema na kukichukua kikapu kwa mikono miwili, kisha akaniambia "pole" kana kwamba nimefiwa. Nikashangaa, lakini wateja wana mambo yao. Nikafunga pesa kwenye pembe ya kitenge na kuondoka nikijisifu. Nilijiona nikirudi Kilibula, nikiziweka mbele ya mama mkwe, naye akishangaa bei.

Nikarudi kwa Ushindi kutazama mikeke, maana nilipanga nitoe zangu mfukoni tule vizuri. Alikuwa amenuna. Nikasema labda ni jua. Mbele yangu alisimama mama mmoja na mwanawe mgongoni, akasema, "Minye nauza hizi mbili." Akatoa pesa, akachukua samaki wawili, akaenda zake. Jirani wa Ushindi akamuuliza mwenziwe biashara ikoje leo, akajibiwa, "Leo nimeuzisha muzuri, niko karibu kumaliza."

Nikasimama pale nikiwatazama samaki.

Anauza, na ametoa pesa. Ameuzisha, na amepokea pesa. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kile kikombe cha chai, nikayasikia tena maneno ya Mama Apolline, safari hii kama yalivyotoka mdomoni mwake. Chukua kapu, nenda kanunue. Nunua vizuri, usikubali wakuibie. Bei ni ya sokoni. Urudi, tutapika.

Kumbe nilitumwa kununua mboga, na nikauza kapu la mboga.

Nilikimbia bila kumuaga Ushindi. Pale alipokuwa Nyandwi palikuwa na alama ya mkeka tu kwenye vumbi. Nikamuuliza jirani yake, akanijibu bila kunitazama kwamba amefunga vitu vyake na kupanda moto, yaani pikipiki. Kwenda wapi? Hajui. Huwa anapeleka vikapu wapi? Mara nyingine Bujumbura. Nikaita pikipiki: Kavimvira, mpakani, haraka.

Yule dereva aliendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuendeshwa na binadamu. Nikimwambia akaze, anageuza kichwa kizima kunijibu, na pikipiki inazidi kupunguza mwendo. Akaniuliza natoka wapi, nimeolewa na nani, na kwa nini watu wa Tanzania tunapenda haraka. Nilimjibu maswali mawili, la tatu nikalimeza.

Kavimvira ilikuwa imejaa kama kawaida ya mpaka: magunia, baiskeli za mizigo, akina mama na mabeseni kichwani, na wabadilisha fedha kwenye viti vyao. Nikamwendea mmoja wao, mzee wa kofia.

"Baba, umemwona mama mwenye vikapu? Nimemuuzia kikapu changu, nataka anirudishie."

"Aliuzisha, weye ukauza?"

"Hapana. Mimi niliuza, yeye akanunua."

"Kama weye uliuza, yeye alinunua nini?"

"Kikapu!"

"Kwa hiyo mulikuwa wawili mwenye kununua. Ni nani aliuzisha?"

"Mimi!" nikapiga kelele. "Mimi niliuzisha! Niliuzisha, baba, niliuzisha!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa akili, na nililitamka nikiwa nalia katikati ya watu nisiowajua. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema mama wa vikapu hajapita, nenda kapumzike. Nikapanda pikipiki nyingine. Njia nzima nilikuwa nikimtukana Aimé kimoyomoyo. Mwanamume amekaa Kigoma miaka yote ile, anasikia Kiswahili cha kwetu, anasikia cha kwao, anajua kabisa kwamba neno moja limesimama kwa miguu huku na kwa kichwa kule, asinidokeze hata siku moja. Ndagala ananisimulia, vigoda ananisimulia. Hili la kunivunjia ndoa kalisahau.

Nilipofika Kilibula sikuhitaji kuuliza lolote. Kikapu kilikuwa juu ya meza. Nyandwi, aliyekuwa amekileta kwa mwenyewe, alikuwa kwenye benchi, na Mama Apolline kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti.

"Ikaa," akaniambia Mama Apolline. Nikakaa. "Kama hautupende, ungesema. Kitunga haikukukosea kitu."

"Mama, si wewe uliyeniambia nikauze?"

"Nilikuambia kuuza!"

"Na ndivyo nilivyofanya!"

"Uliuza nini? Nionyeshe kenye uliuza!"

"Niliuza kikapu, mama, sikujua kuuza kwenu ni kununua, kwetu kuuza ni kuuza!"

"Kuuza ni kuuza hata hapa!" akajibu, akijipiga kofi gotini.

Tulikwenda hivyo, yeye akisema kuuza, mimi nikisema kuuza, sauti zikipanda, mpaka Nyandwi, aliyekuwa akinisikiliza kwa makini, akainua mkono. Akaniuliza kwa Kirundi, taratibu: "Iwanyu, kuuza ni ukugura canke ni ukugurisha?" Yaani kwenu kuuza ni kununua au ni kuuzisha? Nikashika kichwa. Kugura, kugurisha. Kuuza, kuuzisha. Kiha chetu nacho kinafanya hivyo hivyo, unaongeza kamkia tu na kununua kunakuwa kuuza. Lugha niliyoinyonya kwa mama yangu ilikuwa inajua muda wote, ila mimi nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa kuwa nilidhani Kiswahili changu kinanitosha.

"Ni ukugurisha," nikamjibu. "Naapa, mama. Kwetu ni ukugurisha."

Nyandwi akamgeukia mwenzake na kumweleza. Ndipo akanieleza na mimi jambo ambalo Aimé, bila shaka, hakuwahi kulisema. Kile kitunga soko zima linakijua. Mama Apolline alibebea humo ndagala tangu ujana wake, na watoto wake walisomeshwa kwa biashara hiyo. Maji yalipoingia nyumbani aliacha kitanda, akaacha masufuria, akatoka na kile tu. Hamwazimi mtu. "Leo asubuhi tulikuona nayo," Nyandwi akasema, "tukasema, Mama Apolline amepata mutoto mwanamuke. Na weye ukaiweka chini."

Kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote nilipewa mkononi saa ya chai, na nikakiuza kwa bei nzuri.

Hapo ndipo Aimé alipoingia, anapiga mluzi. Akaelezwa. Unajua alichofanya? Alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango, akachuchumaa, akafuta macho kwa shati. "Nilisahau kukuambia," akasema. "Minye nasikiaka zote mbili, siwazie tena." Nyandwi naye akaanza kucheka. Mimi nikatafuta kitu cha kumrushia Aimé, sikupata cha bei rahisi. Mama Apolline hakucheka.

"Ni nani baliona?" akamuuliza Nyandwi.

"Soko yote," Nyandwi akasema, na kicheko kikamwisha.

Mama Apolline akainuka, akajifunga kitenge kimoja kati ya vile nilivyomletea, akachukua kikapu. "Restituta, twende." Aimé akataka kufuata, akaambiwa abaki. Nikamrudishia Nyandwi pesa zake, naye akatusindikiza mpaka njia panda.

Njiani nilikuwa najipanga kwa sauti. "Tutawaambia ukweli, mama. Ni neno tu. Nitawaeleza mimi mwenyewe, watacheka, yataisha."

"Nani ataamini?" akasema bila kupunguza mwendo. "Mutu ya Tanzania hajue Kiswahili? Kiswahili kilitoka kwenu. Batasema umeona aibu, umetunga bongo."

Bongo kwao ni uongo. Safari hii niliuliza kwanza.

"Nyandwi ni shahidi," nikasema.

"Nyandwi ni rafiki yangu. Batasema ananifunika haya. Na weye kila ukija hapa, mpaka uzeeke, utakuwa yule muke mwenye aliuzisha mamamkwe wake." Akabadilisha kikapu mkono. "Minye najua hii soko. Weye unyamaze tu."

Tulipoingia, mazungumzo yalikufa kibanda baada ya kibanda. Ushindi alisimama nyuma ya samaki wake, mikono kiunoni, akinitazama kama ninavyowatazama watu wanaoiba vitambaa. Wengine wakasogea. Mama Apolline akaweka kikapu juu ya meza ya Ushindi, wazi, mfuniko pembeni.

"Nasikia munasema juu ya mukamwana wangu," akasema.

"Mama Apolline, tuliona na macho yetu," Ushindi akajibu. "Ulimutuma kuuza, yeye akauzisha kitunga yako. Nyandwi alikurudishia, tunajua."

"Mulimusikia vibaya. Nilimutuma auzishe."

Nilifungua mdomo. Vidole vyake vikanishika kifundo cha mkono, vigumu kama koleo, vikabana.

"Minye nilimuambia: uzisha hii, haiko kitu mu nyumba. Alikataa. Alilia. Nikamulazimisha. Kwa hiyo kama ni maneno, musemee minye."

Nilimwona Ushindi akibadilika uso. Mikono ikamshuka kiunoni.

"Mama Apolline," akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka kuuzisha kitunga? Si ungetuambia?"

Akachukua mikeke wake wazuri, wale wa juu aliokuwa amewatenga, akawatia kikapuni. Jirani yake akamimina ndagala. Yule aliyenipangusa vumbi asubuhi akaleta sombe iliyokwisha twangwa, amefunga kwenye jani. Mwingine chupa ya mawese. Walikuja kimya, kila mmoja na chake, wakiweka bila kumtazama machoni ili wasimwaibishe, na mimi nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli, nyumbani kipo, mwanawe yupo, pesa ninazo hapa kwenye pembe ya kitenge, mwacheni, mama huyu hapokei kitu cha mtu! Vidole vikazidi kubana.

Mama Apolline alisimama wima katikati yao. Akamtazama Ushindi.

"Aksanti," akasema. Akamgeukia wa ndagala. "Aksanti, mama." Akamgeukia wa sombe. "Aksanti." Kila mmoja akampa lake, hakumruka hata mtu.

Nilishindwa, nikalia pale pale mbele ya soko zima. Ushindi akanihurumia. Akadhani ni njaa, akaniongezea samaki.